Neno Nililompa Bi Mwanaidi

Vijana wangu wa chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini, siku ile ya keki na soda za kuniaga mliniomba niwaandikie uzoefu wangu, nikajua mnachokitaka ni orodha ya mbinu. Orodha sina. Nina madaftari kumi na moja, yote yamejaa maswali, na majibu machache ya kuokoteza. Nilipostaafu niliyapakia kwenye ndoo ya plastiki nikaenda nayo nyumbani, na mume wangu akauliza kama hospitali imenizawadia ndoo. Vyeo na mishahara siandiki. Anayetaka kujua aangalie viatu nilivyostaafu navyo.

Jina langu Leokadia. Wagonjwa walilikata likawa Mama Leo, na kila nilipompangia mtu arudi wiki ijayo nilijua kitakachofuata: "Mama Leo, mbona unatuambia kesho?" Nilicheka mara elfu kwa utani huo. Mara ya elfu na moja nilikuwa nimechoka, lakini nilicheka pia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi likataka kusimama lenyewe. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkulima. Alijishika chini ya mgongo, akasema, "Figo zangu, mwanangu. Figo zimechoka." Ninyi mmeshazoea: hapa kwetu hakuna mtu mzima anayeumwa kiuno. Wote wanaumwa figo. Kiuno ni neno la ngomani na la chumbani, mzee hawezi kulitamka mbele ya binti wa watu, basi figo masikini zinabebeshwa lawama zisizo zao. Mimi hilo sikulijua. Nilimweleza mzee kwamba figo hazikai hapo anapopashika, nikamchorea hadi picha kwenye karatasi. Alinisikiliza kwa adabu, akainuka taratibu, akaniambia asante, akaondoka na maumivu yake kama alivyokuja.

Mkuu wetu, Dada Skola, alikuwa ameketi pembeni akikunja bandeji. Mama mnene, mtaratibu, asiyepandisha sauti.

"Umeshinda," aliniambia. "Figo umezijua zilipo. Mzee yuko wapi?"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Ndipo akanionyesha kitu nilichokuwa nimekipita asubuhi bila kukitazama: nyuma ya mlango wa chumba cha mazoezi lilisimama jembe la mpini mfupi, na kando yake ndoo ya lita ishirini, ufagio wa chelewa na kiti kibovu cha ofisini. Hivyo ndivyo vilikuwa vipimo vyake. Nyundo ya magoti alikuwa nayo, futi kamba alikuwa nayo, lakini hakumlaza mgonjwa kitandani kabla hajamwambia, "Nionyeshe siku yako. Anzia unapoamka."

Watu walianza kwa kuona haya, kisha wakasahau kwamba wanatazamwa. Mama wa mboga aliinama na ufagio. Karani aliketi kwenye kile kiti, shingo mbele, akapiga mihuri ya hewani. Fundi cherehani alikanyaga pedali isiyokuwapo. Na katikati ya kuonyesha, mtu alisema lile ambalo hakukusudia kulisema: kwamba kitanda kimezama katikati, kwamba mume ameondoka, kwamba halali. Dada Skola hakuandika chochote. Aliitikia tu, "Enhee," na mtu akaendelea.

Nikaanza kuwa na udadisi, na udadisi ni ugonjwa, hauponi. Kwa nini wachukuzi wa magunia ya mchele pale sokoni walikuja kwetu mara chache, tena kwa maumivu ya magoti, na karani anayenyanyua muhuri tu alikuja analia? Kwa nini ndugu wawili walime shamba moja, mmoja aumwe na mwingine acheze ngoma? Nilimuuliza Dada Skola. Akasema, "Uliza tena." Nilinunua daftari la kwanza jioni ile ile.

Msije mkadhani kila mgongo ni wa kubembelezwa kwa mazungumzo. Kulikuwa na kijana mchomeleaji vyuma kutoka Mikese. Alikuwa amekandwa kwa mafuta, kwa maji moto, na kwa mikono ya kila jirani. Nikampa mazoezi, hakupata nafuu, nikamwona mvivu. Dada Skola akamuuliza mambo mepesi tu: suruali yako mbona imelegea? Unaamka shuka limelowa jasho? Maumivu yanakuacha ukilala, au yanakufuata hadi huko? Kijana akakiri yote. Ilikuwa kifua kikuu, kimeingia kwenye uti wa mgongo. Alitibiwa akapona, na alitembea kwa miguu yake. Tangu hapo sikumgusa mgonjwa kabla ya kuuliza kuhusu homa, kukonda, ganzi ya sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, na kama mkojo unamtoka bila yeye kujua. Muulizeni hata mzee mwenye haya. Muulizeni bila kupepesa macho, atajibu. Na akijibu ndiyo, mkimbizeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Dada Skola alipostaafu, mimi nilibaki na funguo na jembe. Wakati huo foleni ilikuwa imefika hadi kwenye korido, na ulikuwa umeingia mtindo mpya: kila mtu alikuja na bahasha ya kaki kwapani, ndani yake eksirei. Bila picha mtu alijiona hajatibiwa. Ukimwambia mgonjwa hahitaji picha, anakutazama kama umemnyima chakula. Nasi tukapata neno la kwenda na picha hizo. Sikumbuki nani alilileta. "Pingili zimesagika." Linatoka vizuri mdomoni, lina uzito wa kitaalamu, na linamaliza maswali. Mimi, mwenye maswali yangu kwenye madaftari, nikalipenda neno linalomaliza maswali ya wagonjwa. Jembe likashika vumbi.

Bi Mwanaidi alikuja Jumatatu, siku ya foleni. Alikuwa mkulima wa milimani huko juu ya Matombo, mwembamba, mrefu, kanga mpya kwa ajili ya safari, amenizidi miaka kadhaa. Alisindikizwa na kaka yake, Mzee Athumani, mwenye kofia na fimbo, aliyeketi wima kama yupo barazani. Kiuno kilikuwa kikimsumbua Bi Mwanaidi kwa miezi mingi; yeye, bila shaka, alisema figo. Nilipokea bahasha, nikainua picha dirishani, nikatazama nyuma yake watu wangapi wamebaki kwenye benchi.

"Pingili zako za chini zimesagika, mama."

"Zimesagika?" Alimgeukia kaka yake, kisha akanigeukia mimi. "Kama mahindi?"

Nilidhani tunataniana. Nikacheka, nikajibu, "Ndiyo mama, kama mahindi. Ni umri, na kazi nzito."

Nikampa karatasi yenye michoro ya mazoezi. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mzee Athumani alinishukuru sana. Wakatoka. Hakurudi tena, na kwenye rejista asiyerudi tulimhesabu kuwa amepona. Ndivyo taarifa zetu zilivyokuwa zikinawiri.

Miaka minne ikapita. Asubuhi moja bodaboda yangu iliteleza kwenye kokoto, nikatua kwa makalio mbele ya watu wengi kuliko nilivyopenda. Wenzangu wakaniburuta hadi chumba cha picha, hofu yao isije ikawa nimevunjika nyonga. Sikuwa nimevunjika kitu. Lakini Hamisi wa picha alikaa muda mrefu mbele ya kioo chake, kisha akasema kwa sauti ya kunibembeleza:

"Mama Leo, kuvunjika hujavunjika. Ila pingili zako za chini zimesagika. Tena vizuri tu."

"Zangu?"

"Njoo uone mwenyewe."

Nikaona. Ilikuwa ni ile picha niliyowasomea watu kwa miaka. Sasa fikirini: mimi sijawahi kuumwa kiuno. Asubuhi ile kabla ya kupanda pikipiki nilikuwa nimechota ndoo tatu za maji. Nilimwambia Hamisi labda amechanganya picha. Alinionyesha jina langu, na bangili yangu niliyosahau kuivua, inang'aa pembeni.

Udadisi ukanirudia wote kwa siku moja. Kwa wiki nyingi, kila aliyepigwa picha kwa sababu nyingine kabisa, tumbo au ajali, mkiwemo ninyi mliojitia mnavunjika mkikimbia zamu, nilimuuliza: mgongo unakuuma? Nikakuta watu wa makamo wenye pingili zilizochakaa kuliko zangu, wanacheza mpira wa maveterani. Nikakuta wengine picha yao safi kama karatasi mpya, na hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Basi kuchakaa kule, kwa wengi, ni kama mvi. Mvi zinaonyesha umeishi, hazimuumizi mtu kichwa. Yapo mafundisho yanayosema hivyo siku hizi, ninyi mmeyasoma chuoni; mimi ilibidi nianguke kwanza.

Ndipo nikalikumbuka lile "kama mahindi". Nikaingia stoo, nikafukua rejista za zamani, nikatafuta namba za simu za wote niliowapa lile neno na hawakurudi. Wengine hawakupatikana, wengine walinicheka wakasema wapo shambani. Namba ya Bi Mwanaidi ilipokelewa na Mzee Athumani. Nilimwamkia, nikamuuliza hali ya dada yake.

"Yupo, ametulia," alisema. "Hatumruhusu kunyanyua hata birika."

"Kwani amepatwa na nini, mzee?"

"Si ulisema mwenyewe mifupa imesagika? Tunamlinda asije akamwagika."

Nilikata simu nikaketi chini, kwenye sakafu ya stoo, na koti langu jeupe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu siku ya yule mzee wa figo.

Jumamosi nilipanda gari la Matombo, nikashuka baada ya misheni, nikachukua pikipiki hadi njia ilipoikataa, nikamalizia kwa miguu karibu saa nzima kwenye mlima wa kukwea kwa mikono, bahasha yangu ya kaki kwapani. Uani walikuwa wameanika pilipili manga. Binti wa miaka thelathini hivi, Rehema, mtoto wa dada mwingine wa Mzee Athumani, alinitolea kiti na ndizi mbivu. Mzee Athumani alikuwapo. Bi Mwanaidi aliletwa akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili, akawekwa kwenye mkeka kama yai. Miguu yake ilikuwa imekonda, miguu ya mtu asiyetembea.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, Mama Leo. Umekuja kuangalia unga wako?"

Nilianza na kazi: nikamuuliza kuhusu homa, jasho, mkojo, ganzi. Hakuna. Nikagonga magoti kwa nyundo, yakaruka. Nikapima nguvu za vidole. Mwili ulikuwa dhaifu kwa kukaa, si kwa kuoza. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikasema maneno ya Dada Skola.

"Nionyeshe siku yako."

"Siku gani? Mimi siku sina. Nalala, nageuzwa, nalala."

"Basi nionyeshe siku za kabla mgongo haujaanza kuuma."

Akampungia Rehema amshike, akasimama, akainama kidogo, mikono mbele, kama anayeingiza mikono chini ya makwapa ya mtu aliyelala. "Hivi. Goti moja kitandani. Mama yangu alikuwa mzito, na upande mmoja umekufa. Kumgeuza, kumwosha, kumweka kwenye kiti. Peke yangu, miezi minane. Shambani nilikwenda alfajiri, nikirudi ananingoja. Tukamzika. Baada ya arobaini ndipo kiuno kikashika."

"Mbona hukunieleza siku ile?"

"Uliniuliza?"

Alilisema taratibu, bila ugomvi. Nikalipokea.

Nikatoa picha kwenye bahasha, nikaiinua kuelekea mlango wenye mwanga. Mzee Athumani alivaa miwani.

"Hii si yangu?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Ni yangu mimi. Tazama hapa chini. Wenzangu wameisoma wakasema pingili zangu zimesagika."

Aliitazama picha, akanitazama mimi, akayatazama matope kwenye viatu vyangu.

"Na mlima huu umepandaje?"

"Kwa miguu."

Kilichofuata sikukitegemea. Nilidhani atafurahi. Alikaa chini akalia, kilio cha hasira, akipiga mkeka kwa kiganja. "Miaka minne! Miaka minne nakojolea kwenye kopo na miguu ninayo!" Rehema naye akaanza kulia. Mimi pia nililia, na sioni aibu kuwaandikia hivyo. Nilimwambia nilikosea, kwamba neno lile halikuwa sawa na nililisema kwa haraka, kwamba mifupa yake ni mifupa.

"Daktari hakosei," alisema Mzee Athumani, kwa upole, kana kwamba ananisaidia.

"Mzee, nimekosea."

"Usiniambie mimi," Bi Mwanaidi akasema akijifuta kwa kanga. "Mwambie yeye vizuri, aelewe. Yeye ndiye aliyeligawa shamba."

Hapo ndipo nilipoelewa nimevunja nini. Kule milimani ardhi hufuata ukoo wa mama, lukolo, na mjomba, kwao Mzee Athumani, ndiye msimamizi. Shamba la ukoo haliachwi liwe pori mradi mtu yupo wa kulilima. Mzee Athumani alisikia kwa masikio yake, hospitalini, kutoka kwa mwenye koti jeupe, kwamba mifupa ya dada yake imesagika kwa kazi nzito, akaelewa kwamba hatalima tena. Alingoja msimu mmoja kwa heshima. Kisha akalitoa lile la bondeni, la udongo mweusi, alilolilima Bi Mwanaidi tangu usichana, akampa Rehema. Na Rehema, binti mwenye akili, hakupanda mahindi. Alipanda mdalasini. Mti ukishapandwa ni wa aliyeupanda, na mdalasini haung'olewi kwa ajili ya neno la daktari lililogeuka.

Nilisimama nikamweleza Mzee Athumani upya, polepole, mara mbili, na mara ya pili mbele ya majirani aliowaita mwenyewe kwa sababu, alisema, neno lilitoka hadharani na lirudi hadharani. Hakunilaumu. Angenilaumu ningeona nafuu.

Bi Mwanaidi alianza siku ile ile, kwenda na kurudi hadi kwenye mgomba wa kwanza, Rehema akitembea pembeni bila kumshika. Wiki iliyofuata mgomba wa tatu. Maumivu yalimjia, akaniita kwa simu kwa hofu, nikamwambia kuuma si kuvunjika, kesho nenda hadi pale pale, usizidishe, usipunguze. Likizo zangu nilikwenda kumwona. Mwezi wa tano tangu tuanze alishika jembe, la mpini mfupi kama lile letu. Mzee Athumani alimpa kipande kingine, juu, penye mwinuko na mawe, ambapo hakuna aliyekuwa akipataka.

Nimeulizwa sana na ninyi: sababu ya maumivu ya mgongo yasiyoisha ni nini? Nimejaza madaftari kumi na moja. Mara chache ni ugonjwa wa kumkimbiza mtu kwa daktari, na dalili zake mnazijua. Kwa wengine wengi ni mzigo uliobebwa vibaya au kwa muda mrefu mno, ni usingizi uliokatika, ni msiba, ni woga wa kuinama, ni kulala sana kwa kuhurumiwa, na mara nyingi ni vyote hivyo vimekunjwa pamoja kwenye kanga moja. Kwa Bi Mwanaidi mojawapo ya sababu ilikuwa mimi. Kwa hiyo jembe lipo nyuma ya mlango, nimelifuta vumbi kabla ya kuondoka. Akija msimamizi akasema hospitali si shamba, mwitikieni, kisha mlirudishe.

Mwezi uliopita, sasa nikiwa mstaafu mwenye muda wake, nilipanda tena kumsalimia. Nilimkuta kwenye kile kipande cha juu, anapalilia maharage. Tuliketi kwenye jiwe, tukala ndizi za kuchoma. Chini yetu mdalasini wa Rehema ulikuwa umefunga matawi vizuri, majani machanga mekundu. Aliniona ninavyoutazama.

"Neno umelirudisha, Mama Leo," alisema, akaelekeza bondeni kwa kidevu. "Shamba ndilo lile."

Nikauliza kile ninachojua kukiuliza.

"Na mgongo, bado unauma?"

"Unauma. Asubuhi hasa, na mvua ikikaribia." Alisimama mwenyewe polepole, akaokota jembe, akarudi kwenye mstari wake. Kisha akageuka. "Lakini ni mgongo. Si unga."